Jengo la Shule Minnesota Si la Watoto Peke Yao

Huku Minnesota, Marekani, wanafunzi wakishaondoka alasiri, milango ya shule inafunguliwa kwa wengine: wazazi wenye vichanga, watu wazima wanaojifunza Kiingereza, wazee wa mazoezi ya viungo. Kazi hiyo ina ofisi yake karibu kila wilaya ya shule, iitwayo Community Education, yaani elimu ya jamii. Karani wa shule ya mwanao huenda asiijue vizuri. Itafute kwenye tovuti ya wilaya. Mfano maarufu wa utaratibu huu ulianzia Flint, Michigan, mwaka 1935, Frank Manley, mwalimu wa michezo, alipompata tajiri Charles Stewart Mott agharimie shule kubaki wazi jioni. Hapa Minnesota sehemu ya fedha hutoka kwenye kodi ya majengo, kwa hiyo hata mpangaji ameshachangia.

Mwenye mtoto mdogo aanze na ECFE (Early Childhood Family Education), programu ya malezi ya ofisi hiyo. Inapokea mtoto tangu kuzaliwa hadi anapoanza chekechea, pamoja na mama mjamzito na jamaa wa mtoto, hivyo bibi aliyekuja kulea mjukuu ana nafasi yake. Kwa kawaida mnacheza pamoja kwanza, kisha watoto wanabaki na mwalimu wao na wakubwa wanakaa na mwalimu wa malezi. Ada hufuata kipato, na asiyeweza kulipa hakataliwi. Kwa mama aliyefungiwa ndani na baridi, mbali na shangazi na majirani wa kwao, hii ndiyo huduma bora kuliko zote.

Elimu ya watu wazima ni bure kuanzia miaka 17. Utapimwa kwanza, mara nyingi kwa CASAS, mtihani wa kupima kiwango chako cha kusoma na hesabu. Usiufanye mbiombio kwa kuwahi zamu ya kazini, maana alama zake ndizo zinazoamua darasa. GED, cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari, ina mitihani 4, kila mmoja unahitaji alama 145, na lugha ni Kiingereza au Kihispania tu. Ndugu zetu waliotoka Kongo na Kiswahili na Kifaransa chao inabidi waanzie Kiingereza. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, asijiandikishe kabisa: sheria ya uhamiaji inamkataza madarasa haya yanayolipiwa na umma.

Mnataka chumba cha kuwafundishia watoto Kiswahili Jumamosi? Kinakodishwa kupitia ofisi hiyo hiyo. Wilaya nyingi hudai bima ya ajali na uharibifu, mara nyingi ya dola milioni 1. Bei hupanda wikendi kwa sababu mtunza jengo hulipwa saa za ziada, na muda wa kupanga viti na kufagia unahesabiwa. Mkihitaji jiko, ulizeni mapema: mara nyingi lazima mpishi wa shule awepo, kwa gharama yenu. Theluji ikifunga shule, shughuli za jioni kwa kawaida hufutwa pia.

Sheria ya jimbo inataka programu ya Community Education iwe na baraza la ushauri la wakazi. Tunaacha viti hivyo wazi, na inauma. Ulizeni tarehe ya kikao, mpeleke ombi la maandishi la darasa lenu lenye idadi ya watoto, umri wao, siku na saa mnayotaka.