Asidi ya foliki: ianze kabla ya mimba, na soma kipimo kwenye pakiti

Mama akifika kliniki mimba ikiwa ya wiki 16 na kupewa vidonge vya kuongeza damu, vidonge hivyo vina faida kubwa kwake. Ila kwa mgongo wa mtoto, unaokingwa na vitamini iliyomo ndani yake iitwayo asidi ya foliki, wakati umeshapita. Mrija wa neva, unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Wakati huo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wengi hawajapima hata mkojo. Usipojifunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa hufuata. Usipojifunga juu, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto huyo hawezi kuishi.

Si laana, wala mama hakurogwa. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hili: waliomeza asidi ya foliki miligramu 4 kila siku tangu kabla ya mimba, hatari ya kurudia ilipungua kwa asilimia 72.

Kwa mwanamke asiye na historia hiyo, kinachotakiwa ni mikrogramu 400 kwa siku, yaani miligramu 0.4, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Kama unatoa kitanzi au kipandikizi kwa sababu unataka mtoto, anza siku hiyo hiyo. Na natamani sana makungwi walitaje jambo hili kwenye kicheni pati, maana hapo ndipo bibi harusi anaposikiliza kwa makini kuliko atakavyosikiliza kliniki.

Sasa kwenye kipimo ndipo watu wanapokosea. Kidonge cha asidi ya foliki kinachopatikana kwa urahisi katika maduka mengi ya dawa ni cha miligramu 5, zaidi ya mara 12 ya kile cha kawaida. Hicho ni cha wenye hatari kubwa: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa kama valproeti, mwenye kisukari. Hawa waandikiwe na daktari, na dawa ya kifafa isiachwe ghafla.

Kipimo hicho kikubwa kikiendelea baada ya wiki ya 12 kinagongana na SP, zile tembe tatu za kukinga malaria zinazomezwa kwa pamoja kuanzia wiki ya 13, kisha kurudiwa kila baada ya mwezi au zaidi. SP hufanya kazi kwa kumzuia kimelea cha malaria asijitengenezee foleti, yaani vitamini ile ile ya asidi ya foliki katika umbo lake la asili. Ukimeza miligramu 5 kila siku, dawa inapungua nguvu, na kinga unayodhani unayo huna. Mikrogramu 400 haina shida hiyo. Kwa hiyo kliniki mwoneshe muuguzi pakiti yenyewe. Usimwambie tu kwamba unameza foliki.

Vidonge vya kuongeza damu vina madini ya chuma pamoja na foliki kidogo. Usivimeze na chai ya rangi wala maziwa, kwani vyote viwili huzuia chuma kisifyonzwe. Subiri saa moja au mbili. Maji na chungwa vinafaa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo lisikutishe. Vidonge vikikuletea kichefuchefu, vimeze usiku baada ya kula.

Chakula kinasaidia, ingawa peke yake hakitoshi kwa kazi hii. Maharage, kunde, choroko na mboga za majani zina foleti, lakini foleti huyeyuka kwenye maji na kuharibika kwa moto. Mchicha na matembele vioshe kabla ya kukata, vipike muda mfupi, na mchuzi wake usimwagwe. Kisamvu ni tofauti: kina sumu ya sianidi, lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri, hata kama foleti itapungua. Maini nayo yana foleti nyingi, lakini vitamini A yake ni nyingi mno kwa mimba changa. Miezi mitatu ya mwanzo yaache.