Shati la mteja wangu

Nimetoka kituo cha polisi sasa hivi. Mteja wangu ameachiliwa kwa dhamana. Alhamdulillahi.

Walimtoa chumbani kwake jana usiku, jirani ndiye aliyepiga simu. Kosa wanalomtajia ni la kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kile cha tangu enzi za mkoloni kinachoharamisha ngono "kinyume cha maumbile", yaani kinachotumiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Adhabu yake hufika miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019.

Asubuhi walitaka kumpeleka hospitali "akapimwe".
Kwa msiojua, maana yake ni kumkagua mtu sehemu za siri kwa lazima.

Nikaweka mezani hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyotolewa hapa Mombasa, Machi 2018: vipimo hivyo ni kinyume cha sheria, vinavunja utu wa mtu. Afisa akaisoma polepole. Hakunijibu, ila gari halikuondoka.

Lakini kilichonikaa moyoni ni mamake.

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, amelilaza juu ya mikono yake miwili lisijikunje.

"Wakili, mpe mwanangu avae. Asitoke mbele za watu na nguo ya kulalia."

Hakuuliza kama ni kweli. Hakuuliza lolote.
Katika kesi hizi nimezoea familia zinazozima simu. Nilibaki nimeduwaa.

Mwenye nyumba keshambadilishia kufuli. Nani anajua chumba cha kupanga, mtaa mtulivu, kodi ya kawaida? Niandikieni faraghani, tafadhali, hata usiku huu.