Namba 20

Juzi Ijumaa mtoto wa binamu kashuka na gari ya Muheza, begi mgongoni na kiroba cha machungwa kinachomshinda uzito, likizo hiyo, wiki mbili kwangu. Salamu hazijaisha vizuri keshaona pa kuchajia simu. Usiku tumekaa barazani, mimi namenya chungwa, yeye kalala kifudifudi mkekani na gemu lake la ukocha, kimya kabisa, mara akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ba'mdogo, hivi kikosi kinatakiwa kiwe na watu wangapi?" Nikataka kumjibu pale pale maana jibu ninalo toka zamani, kabla sijafungua mdomo akamalizia, "Nilimuuliza baba, akasema nenda kamuulize ba'mdogo wako, yeye ndo mtaalamu wa kuhesabu kikosi."

Chungwa likanikaa hapa kooni.

Zamani nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari moja ya Barabara ya 12 hapa Tanga, kuchapa na kutoa kopi. Hii ilikuwa 2009, ile kompyuta ya pili, ile yenye kioo cha chogo ambayo tajiri alikuwa haigusi kwa sababu ilikuwa inawaka ikijisikia. Jamaa mmoja akaniwekea Championship Manager 01/02, gemu la ukocha hilo, kwa flashi. Gemu hata wakati ule lilishakuwa la kale, wenyewe walishaliachia bure, lakini ndo lilikuwa linakubali kwenye ile mashine. Mechi huoni picha wala nini, ni maandishi tu, fulani anatoa pasi, fulani anapiga shuti, halafu kile kibao kinaanza kumemetuka na moyo wako unasimama hujui ni goli au kipa kadaka. Wateja wakija kutoa kopi wananikuta nimeikodolea macho skrini iliyojaa majina wanadhani nafanya hesabu za mtu.

Nilichukua Leeds. Sababu Radebe bana, Lucas Radebe, mtu wa Afrika Kusini anakuwa nahodha pale Uingereza, na wenzake ndo hao kina Rio Ferdinand, Viduka, Harry Kewell. Msimu wa kwanza nikawa kama mtu kaingia mnadani mitumba inafunguliwa, kila mchezaji nilikuwa namwona wa bei rahisi. Nikamchukua na yule Tsigalko wa Belarus, waliocheza wanamjua, mtoto wa miaka 18 anafunga kama hana akili nzuri (kwenye maisha ya kweli majeraha yalimmaliza, akafariki Desemba 2020 ana miaka 37, nilivyoisoma ile habari nilikaa kimya kidogo kama nimefiwa na mtu wa mtaani). Nikafika watu 38. Nilijiona tajiri! Kumbe 38 ni msiba, kila ukibonyeza siku mbele unakuta ujumbe, huyu hana raha anataka kucheza, yule anataka kuondoka, bodi nayo inalia mishahara. Na wewe uwanjani unapeleka 11, benchi la Uingereza enzi zile lilikuwa la watu 5, jumla 16. Yani watu 22 kila Jumamosi unawalipa wakuchukie.

Nikafuta, nikaanza upya, safari hii nikaenda upande wa pili kama mtu aliyeungua na uji. Nikabaki na 17. Raha mustarehe, hakuna anayenuna, mpaka ilipofika Desemba. Wale wenzetu Krismasi ndo wanazidisha mechi, unacheza leo, keshokutwa tena, wachezaji wanaingia uwanjani hawana pumzi, nikapata majeruhi 6 kwa mpigo nikawa namchezesha beki wa kushoto mbele. Nikateremka mpaka nafasi ya 14.

Hapo ndo nikakaa chini nikapiga hesabu kwa kalamu, nyuma ya risiti. Kila namba watu wawili, 22. Kipa wa tatu, 23, na ukiangalia hata Kombe la Dunia kuanzia 2002 timu zilikuwa zinapeleka 23, kwa hiyo sikuwa mjinga. Nikaongeza mmoja, kiraka, yule wa kuziba popote. 24. Kwenye orodha, wa kuanzia wa 19 mpaka wa 24 hao hawachezi, ukweli ndo huo, kwa hiyo pale usiweke mzee. Weka mtoto. Mtoto hanuni, mtoto anapanda bei. Mzee wa miaka 31 mwenye namba za kushuka mwachie bure, okoa mshahara. Msimu ule nikachukua ubingwa. Radebe nilikuwa nimeshamwachia bure, na wala sikukumbuka kwamba yeye ndo sababu nilichagua Leeds.

Nilitangaza mtaa mzima. Wale wazee wa kahawa ambao kila jioni lazima waanze na Coastal ilivyobeba ubingwa 1988 wakawa wananiita kocha, kwa kunicheka, lakini wananiita.

Sasa timu yetu ya mtaa ikaingia ndondo. Masharti ya mashindano, karatasi ya majina iliyochapwa, watu 20, mwisho Ijumaa. Sisi mazoezini walikuwa wanakuja 27. Mwalimu wetu akaniletea karatasi ya daftari, majina 19, mengine kakosea, akasema chapa vizuri, peleka. Nikamwambia mwalimu mbona 19. Akawa kashapanda baiskeli, akasema ile ya 20 weka mwenyewe, si kocha wewe, akacheka akaondoka.

Ya 20 ilikuwa ya binamu. Kila mtu alikuwa anajua ni ya binamu, nadhani hata mwalimu hakuiandika kwa sababu aliona ni kama kuandika jina la mwenye nyumba. Beki wa kulia, miaka 31, kacheza toka timu inaanzishwa tunavaa fulana zilizoandikwa namba kwa mkaa. Kasi ilikuwa imekwisha, hilo nisimsingizie, winga wa kawaida tu anampita kama anapita nguzo. Lakini jezi anafua yeye. Mipira anajaza upepo yeye kwa pampu ya baiskeli. Maji anabeba yeye, madumu mawili kwenye keria, kutoka kwao mpaka kiwanjani.

Na mimi pale kwenye kioo cha chogo nilikuwa na Leeds yangu imesimama mwezi Julai, napunguza watu.

Kulikuwa na dogo wa Makorora, miaka 17, kaja mazoezi mara tatu, ana mbio huyo hujapata kuona. Nikachapa jina lake. Haikunichukua hata dakika, nilifikiri kama navyofikiri kwenye gemu, namba 20 hachezi, pale weka mtoto. Nikaprinti. Nikajisikia mtu mwenye akili.

Alhamisi ile ile baada ya Magharibi nikasikia hodi. Binamu, na kiroba cha jezi, zimekunjwa, bado zina ule unyevu wa mbali na harufu ya sabuni ya kipande, duka zima likanuka kufua. Akaweka kiroba juu ya fotokopi. "Mgosi, orodha tayari? Hebu niione." Karatasi ilikuwa pale pale mezani, ya moto moto, sikuwa na pa kuificha.

Akaishika kwa mkono mmoja, mkono mwingine akaanza kuteremka na kidole. Alikuwa anasoma kwa sauti ndogo, jina moja moja, na kila jina analitilia neno, huyu goti lake limepona, huyu jezi yake nimeishona kwapa, huyu mama ake kasema arudishwe nyumbani mapema. Namba 9, 10, 11. Mimi nilikuwa naangalia kidole. Ule ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umepasuka katikati, kwa kufua nadhani, sikuwahi kuuona kabla ya siku ile. 17. 18. Alipofika 19 akatabasamu kabisa, nadhani keshajiandaa kusoma jina lake. 20 akaisoma kimoyomoyo. Kidole kikakaa pale pale.

Halafu akaigeuza karatasi.

Yani aliigeuza akaangalia nyuma, kule kweupe, akaangalia juu mpaka chini kama vile kweli kunaweza kuwa na maandishi, akairudisha, akainyanyua kwenye taa. Akaniuliza, tena kwa upole, "Wino uliisha?"

Na mimi nikasema, "Mwalimu ndo kapanga."

Sijui lilitokea wapi. Sikuwa nimelipanga, lilitoka lenyewe kama kikohozi. Nyuma yangu ile kompyuta ilikuwa inaunguruma na listi ya Leeds iko wazi, angeangalia angeona, ila angeona nini sasa, majina ya Wazungu. Akasema haya. Akasema dogo wa Makorora ana mbio kweli. Akaniomba nimtolee kopi moja ya kubandika pale kwa muuza kahawa, nikatoa, akaweka shilingi hamsini juu ya kioo cha fotokopi. Nikamwambia aa binamu chukua hela yako bwana, akasema hapana, wino unanunuliwa. Akaondoka, akarudi mlangoni, akasema jezi ya kipa isikunjwe ikiwa mbichi itavunda, ianikwe. Basi.

Mengine ni ya haraka. Tulitolewa robo fainali kwa penati. Dogo wa Makorora mechi mbili za kwanza alikaa benchi, ya tatu hakutokea, tukasikia yuko Dar kwenye majaribio. Maji yaliletwa mechi zote, madumu mawili, na mleta maji alikuwa anasimama nyuma ya kamba na watazamaji kwa sababu kwenye benchi wanaruhusiwa wenye majina tu. Mwaka uliofuata binamu akaenda Muheza kwenye machungwa, kajenga huko, tunaonana kwenye harusi na misiba, tunacheka vizuri tu. Lile neno hatujawahi kulirudia. Mwalimu naye keshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wa kunisuta hayupo, na wa kunisafisha pia.

Miaka yote hii nimejiambia hajui. Muda mwingine najiambia anajua ila kasahau, au alijua usiku ule ule na ile hamsini ndo lilikuwa jibu lake. Siku nyingine naona ni mambo ya mpira wa mtaani tu, watu wazima wanaachwa kwenye vikosi kila siku, na kweli kwa mpira peke yake dogo alikuwa bora, mbona nalibeba? Sijafika nalo mahali.

Kwa hiyo juzi nikamwambia kijana, sogea. Nikamwelekeza kama inavyotakiwa. Kwamba sasa hivi Uingereza benchi ni watu 9 na sabu 5, kwa hiyo hesabu yangu ya zamani imepanda kidogo. Kwamba toka 2010 ligi yao inaandikisha 25, na humo wasiolelewa kule wasizidi 17, lakini watoto wa chini ya miaka 21 hawahesabiwi kwa hiyo jaza utakavyo. Kwamba ukizidisha watakununia na ukipunguza Desemba utalia. Anacho kikosi cha watu 34 huyo, kama baba mdogo wake enzi zile. Akawa ananisikiliza huku anafuta, kidole kinateremka kwenye kioo, huyu aende, huyu aende, halafu akasimama kwa mmoja, beki, miaka 33, akasema huyu nimwachie bure?

Nikamwambia subiri. Nikamuuliza, hivi baba ako alivyokwambia uje uniulize mimi, alikuwa anacheka?

Akafikiri. Akasema, "Alikuwa anafunga kiroba."