Siku Moja na Programu Zinazojifanya Daktari wa Kompyuta

Saa 2:00 asubuhi

Duka langu liko Morogoro mjini, karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wateja wa mwanzo huwa ni wale wanaotaka kuacha mashine kabla ya kwenda kwenye shughuli zao. Leo katangulia mwalimu mstaafu, mtu wa rika la baba yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hii mashine naona inataka kukata roho. Kila nikiiwasha inaniambia ina makosa zaidi ya elfu moja, nilipe ndipo itengenezwe. Na mwaka jana nililipa!"

Nikaiwasha, tukatazama wote. Dirisha jekundu, mshale wa kipimo umelalia upande wa hatari, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani cha kulipia. Nilipofungua orodha ya programu na kuipanga kwa tarehe, nikaikuta imeingia siku moja na programu ya bure ya kubadilisha mafaili ya PDF. Ndiyo njia yao kubwa. Unapakua kitu kimoja, unabonyeza "endelea, endelea", na kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki kinakuletea na kingine usichokiomba.

Ningeweza kuiondoa na kumrudishia Mwalimu mashine yake, kazi ya muda mfupi tu. Lakini mtu aliyekwisha kutoa pesa ana haki ya kujua alilipia nini, kwa hiyo nikamwomba akae. Kwenye kompyuta ya duka nina mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya ile halisi, yenye Windows mpya kabisa, ambayo haijawahi kufungua hata tovuti moja. Nikaiweka programu ileile humo, nikabonyeza kitufe cha kupima. Haikuchukua muda: makosa mamia kadhaa, hali mbaya, tafadhali lipa.

Mwalimu akavua miwani. "Yaani huyu anasahihisha mtihani ambao haujafanywa."

Tukafungua orodha ya hayo makosa. Mengi yalikuwa mafaili ya muda, ambayo Windows yenyewe huyatengeneza na ina zana yake ya kuyafuta. Mengine vidakuzi vya kivinjari, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye mashine. Yaliyobaki ni vipengele vya rejistri, yaani pale Windows inapoweka mipangilio yake na ya programu zote. Vipengele hivyo ni mamia ya maelfu na kila kimoja ni kidogo mno. Ukifuta mia tano visivyotumika, hutahisi tofauti yoyote ya kasi. Ukifuta kimoja kinachotumika, kuna programu itakayogoma kuwaka. Microsoft wenyewe wameandika kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejistri, na tangu Machi 1, 2018 kinga yao ya Windows Defender inazihesabu kuwa programu zisizotakiwa zile zinazotumia ujumbe wa kutisha ili mtu alipie toleo la pesa.

Saa 3:15 asubuhi

Kuondoa kwenyewe. Kwanza njia ya kawaida, kupitia orodha ya programu. Programu za namna hii zikitolewa huleta ukurasa wa kubembeleza: usituache, chukua punguzo la nusu bei. Unapita. Kisha unakagua sehemu tatu ambazo wengi huzisahau: orodha ya vitu vinavyoamka pamoja na mashine, ratiba ya kazi ambazo Windows hujiendeshea yenyewe, na viongezo vilivyopachikwa kwenye kivinjari. Kwa Mwalimu nilikuta kazi mbili kwenye ratiba, moja ikiamka kila siku kuita lile dirisha jekundu. Bila kuzifuta hizo, kesho angerudi.

Halafu malipo. Kuiondoa programu hakukatishi usajili. Kadi aliyotumia ni ya mwanawe, nao walikuwa wamekubaliana na masharti ya kukatwa kila mwaka bila kujua. Tulimpigia kijana palepale, akaingia kwenye akaunti na kusitisha. Mashine ya Mwalimu haikuwa na tatizo kubwa zaidi ya RAM ndogo (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na vumbi kwenye feni. Nikasafisha feni, nikabadilisha pesti ya kupitisha joto la prosesa, akaondoka.

Saa 4:40 asubuhi

Huyu ndiye aliyenichukulia siku. Mama mwenye steshenari, anayechapa, kutoa kopi na kuwajazia watu maombi ya kazi na ya mikopo ya vyuo mtandaoni. Amekuja na bodaboda, kaipakata kompyuta yake ya mezani.

"Fundi, hii inaganda. Nikifungua faili la mteja naweza kwenda kupika chai nikarudi. Lakini afya yake ni nzuri, ona mwenyewe."

Kweli. Kwenye pembe ya kioo kuna duara la kijani: afya asilimia 98, hakuna hatari. Programu nyingine kabisa na ile ya Mwalimu, nayo imelipiwa. Ilianza kwa nyekundu, anasema, akalipa, ikawa kijani, na tangu hapo haijawahi kubadilika.

Niliinamisha sikio. Diski ilikuwa ya aina ya zamani, ya kuzunguka, na ilikuwa inatoa mlio wa kugonga, inanyamaza, inagonga tena. Nikazima kwanza. Diski ikishaanza kugonga, kila dakika inayozunguka ni ya hatari. Nikaifungua, nikaiunganisha kwenye mashine ya duka na kuisoma kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure ambayo haipimi kwa kubahatisha. Inachofanya ni kusoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe, zile zinazoitwa SMART. Diski hujua sehemu ngapi zake zimekufa zikabadilishwa na za akiba, na hilo huandikwa kwenye namba 05. Inajua pia sehemu ngapi imeshindwa kuzisoma na haijaamua izifanyeje, na hilo huandikwa kwenye C5. Kwa diski isiyo mgonjwa, zote mbili huwa sifuri. Kwa Mama zote mbili zilikuwa zimepanda, na rangi ilikuwa njano ya tahadhari.

Hapo ndipo hasira inanijia, na sioni haya kuisema. Programu ya Mwalimu ilimla pesa na kumtia hofu. Hii ya Mama ilimpa utulivu wa uongo. Taarifa ya ugonjwa ilikuwa ndani ya diski yenyewe, inasomeka bure, na programu iliyojiita mpima afya haikuigusa, kwa sababu kipimo chake kilikuwa kinapima jambo moja tu: umelipa au hujalipa. Mbaya zaidi, ilikuwa imejipangia kila usiku "kuboresha" diski, yaani kuhamishahamisha vipande vya mafaili. Diski inayokufa ikafanyishwa kazi ya ziada kila siku.

"Mafaili ya watu yamo humo," Mama akasema taratibu. "Mitihani ya shule mbili. Vyeti vya watoto walioskani."

Nikamwambia ukweli: mengi yatapatikana, siwezi kuahidi yote. Nikaanza kunakili kwa ddrescue, programu ya kuokoa mafaili kwenye diski mbovu, ambayo inachukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri na kuziacha mbovu za mwisho, ili diski ikifa katikati uwe umeshaokoa kikubwa.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie wa nyuma ya duka, pamoja na kijana wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) anayekuja kwangu kujifunza kazi. Akaniuliza swali zuri: mbona hawashitakiwi?

Wanashitakiwa, wengine. Kesi ninayopenda kumsimulia kila mwanafunzi ni ya Marekani. Maduka ya Office Depot na OfficeMax yalikuwa yanawapimia wateja kompyuta bure, na kipimo kiliitwa PC Health Check. Kabla ya kuanza, mfanyakazi alimuuliza mteja maswali manne: mashine ni nzito? Imewahi kutoa onyo la virusi? Inajizima mara kwa mara? Inaleta matangazo yanayokuzuia kutumia intaneti? Ukijibu ndiyo kwa lolote, mfanyakazi anatia tiki. Kumbe tiki ndiyo iliyokuwa kipimo. Tiki ikiwepo, programu ilitangaza dalili za virusi hata kama mashine ni safi, na mteja akauziwa huduma za mamia ya dola. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilisema hali hiyo ilidumu kuanzia 2009 hadi Novemba 2016. Machi 2019 Office Depot ilikubali kulipa dola milioni 25, na Support.com, waliotoa programu hiyo, dola milioni 10.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya Restoro na Reimage, kampuni mbili za Kupro zilizouza programu za kutengeneza kompyuta: dola milioni 26. Wachunguzi wa FTC walifanya kama sisi asubuhi. Walichukua kompyuta isiyo na tatizo, wakaipima kwa programu hizo, zikadai zimekuta matatizo tele.

"Kwa hiyo tutumie zile zinazojulikana," kijana akasema. Hata hapo uangalifu unahitajika. CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, ilikuwa na jina kubwa, lakini mwaka 2017 wahalifu walipenyeza msimbo wao ndani ya toleo 5.33 lenyewe, lililokuwa linapakuliwa kutoka kwa wenyewe. Watumiaji wapatao milioni 2.27 walilipata kati ya Agosti na Septemba. Programu unayoipa ruhusa ya kugusa kila kona ya mashine lazima iwe na sababu nzito ya kuwepo. Kusafisha mafaili ya muda si sababu nzito, Windows inafanya hivyo yenyewe.

Saa 9:20 alasiri

Simu kutoka kwa mhasibu wa shule. Amekuta programu ya PC Health Check ambayo hakuiweka, na amesikia habari nyingi za utapeli. Ni kirusi?

Hapana. Jina linafanana na lile la maduka ya Marekani, lakini hii ni ya Microsoft, na iliingia kwenye mashine nyingi za Windows 10 kupitia masasisho. Shabaha yake kubwa ni kukuambia kama kompyuta inaweza kupokea Windows 11: ina TPM 2.0 (kijenzi cha usalama kinachotunza funguo za siri), ina prosesa inayokubalika, ina RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Nayo ilianza vibaya. Ilitoka Juni 2021, ikawa inawaambia watu "haifai" bila kuwaambia kwa nini, ikaondolewa baada ya siku chache, ikarudi Septemba ikiwa inataja sababu. Kama hauihitaji, unaiondoa kama programu nyingine. Ila nilimkumbusha la maana kuliko programu yenyewe: Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na kompyuta ya mahesabu ya shule isikae hivyohivyo.

Saa 10:30 jioni

Mwanafunzi wa chuo, laptop inalia onyo la virusi kila dakika kwenye kona ya kioo. Hakuna kirusi. Kuna tovuti ilimwambia abonyeze "ruhusu" kuthibitisha kuwa yeye si roboti, na kumbe aliiruhusu kumtumia arifa. Nikafungua mipangilio ya kivinjari, upande wa arifa, nikaifuta tovuti hiyo. Kimya. Sikumtoza.

Saa 12:10 jioni

Nakala ya Mama imefika mwisho. Karibu kila kitu kimesomeka. Mafaili machache ya picha yamepotea, mitihani yote ipo, vyeti vipo. Nikaviweka kwenye SSD mpya, diski isiyozunguka, nikapiga Windows upya, akaja kukagua folda moja baada ya nyingine mpaka akaridhika.

"Sasa niweke programu gani ya kuniangalizia?"

"Ya kulipia, hakuna. Kinga ya Windows imo tayari. Hii CrystalDiskInfo ni bure, ifungue mara moja kwa mwezi. Ikiacha kuwa bluu, nipigie siku hiyohiyo. Na kila Ijumaa ukifunga, nakili kazi zote kwenye diski ya nje, kisha uichomoe."

Akasema ana mashine nyingine mbili zenye duara lilelile la kijani. Nikamwambia azilete Jumamosi, asifute kitu. Halafu tukakaa kuwaandikia waliomuuzia. Tuliambatisha picha mbili, moja ya asilimia 98 na moja ya namba 05 na C5 za diski ileile, siku ileile, tukadai usajili ukome na pesa irudi. Barua pepe imetumwa. Kesho akifungua benki ataomba kadi ile isikatwe tena.