Ngoma ifungwe kwanza, kamera baadaye: singo moja na kichupa chake

Singo ninayoieleza hapa ilikuwa ya BPM 100 (mapigo 100 kwa dakika), baa 72 za mapigo manne manne, yaani dakika 2 na sekunde 53 kasoro kidogo. Tuliirekodi na kushuti kichupa chake Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyeisimamia kuanzia biti hadi kuachiwa. Prodyuza na dairekta niliwapa sharti moja: kamera haiwashwi mpaka urefu na kasi ya wimbo vimefungwa.

Sababu ni hesabu tu. Prodyuza akiona ngoma inazubaa baada ya shuti, akaipandisha kutoka BPM 100 hadi 101, sikio la msikilizaji halitagundua. Lakini kwa wimbo wa urefu huu, mpaka kiitikio cha mwisho kiishe midomo ya msanii imeachwa nyuma kwa sekunde 1.7. Hapo mhariri atakatakata picha kila mstari na bado watu watasema video "haikai". Ukikata baa mbili za utangulizi ni afadhali, maana unasogeza kila kitu kwa pamoja. Kubadili kasi hakuna dawa rahisi. Kwa hiyo kilichobaki wazi baada ya kufunga kilikuwa mikisi na masta, yaani kusawazisha sauti na kuzipa umbo la mwisho: dramu juu au chini, besi nene au nyembamba, mwangwi mrefu au mfupi. Kurudia sauti ya mstari mmoja hapana, hata kama ni neno moja, kwa sababu mdomo umeshapigwa picha.

Mpangilio wa baa niliuandika kwenye karatasi moja: utangulizi 4, kiitikio 8, beti 16, kiitikio 8, beti 16, kiitikio 8, daraja 4, kiitikio 8. Kila sehemu ina dakika na sekunde inapoanzia. Karatasi hiyo ndiyo iliyotumika studio, lokesheni na kwenye uhariri. BPM 100 ina raha yake kwa anayeshuti fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde: pigo moja ni sekunde 0.6, yaani fremu 15 kamili. Mhariri anakata kwa kuhesabu bila kubahatisha. Anayeshuti fremu 24 apendelee 96, itampa fremu 15 vilevile.

Kwenye kurekodi nitapita haraka. Kipaza sauti umbali wa sentimita 15 hivi, kilele cha sauti kisivuke desibeli -10, feni imezimwa, na kama paa ni la bati subiri mvua ikate. Sauti kuu moja. Kwenye kiitikio nyongeza mbili, kushoto na kulia, kisha sauti za juu. Kinachohusu video ni manjonjo, zile "eh" na "oh" za pembeni. Mengi huangukia juu ya sauti kuu, na mdomo mmoja hauwezi kuimba vitu viwili. Kabla ya shuti tulitia alama kwenye karatasi: haya msanii anayaigiza, haya wanayabeba madansa, haya hayana mdomo. Msipokubaliana mapema, kila teki (kila mara mnaporudia kushuti) atafanya tofauti, na teki mbili hazitaunganika.

Sasa faili la wimbo la kupigia lokesheni ili msanii aigize juu yake, ambalo wengi hulichukulia poa. Nilichukua mikisi ya muda, nikapandisha sauti kuu kwa desibeli 2 ili msanii ajisikie hata madansa wakipiga kelele. Mbele nikaweka baa mbili za mlio wa kuhesabu, ambazo ni sekunde 4.8. Milio hiyo inampa msanii nafasi ya kuvuta pumzi, na inamwachia mhariri alama kali za kuoanishia kwenye mchoro wa mawimbi. Faili likatoka kama WAV, sauti isiyobanwa. MP3 huongezewa ukimya mwanzoni wakati wa kubanwa, mara nyingi kama milisekunde 25, zaidi ya nusu fremu. Peke yake si neno, ila hujumlishana na makosa mengine.

Spika tuliiunga kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na ukiunga spika mbili kwa njia hiyo kila moja inaweza kuchelewa kivyake, msanii akasikia ngoma mbili. Kuna jambo jingine linalochanganya hata wazoefu: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukiweka spika miguuni pa msanii na kamera ikarudi mita 34 kwa ajili ya picha pana, kipaza sauti cha kamera kinapokea wimbo ukiwa umechelewa sekunde 0.1, sawa na fremu 2 na nusu. Mhariri akioanisha kwa sauti hiyo, mdomo utatangulia sauti. Usisogeze spika kwenye kamera, kwa sababu hapo msanii ndiye atakayechelewa. Iache kwake, halafu kwenye uhariri sogeza picha fremu 2 au 3 kwa macho, ukiangalia herufi za midomo: m, b, p. Midomo ikifunga pamoja na "b" ya sauti, umefika.

Dairekta alitaka kiitikio kimoja kiende polepole huku midomo ikifuata wimbo. Hapo unashuti fremu 50, unacheza kwa 25, na lokesheni wimbo lazima upigwe kwa kasi mara mbili, asilimia 200. Faili hilo nililitoa pembeni, nikibakiza ufunguo uleule wa sauti ili msanii asichanganyikiwe. BPM 200 inachosha ulimi. Konsonanti zinaliwa na mdomo unaonekana kama unatafuna. Tulimpa kiitikio tu, baa 8, akakizoea kabla ya kuvaa. Beti la maneno mengi usilijaribu kwa njia hii. Kama unataka ulaini kidogo tu, shuti fremu 30 na upige wimbo kwa asilimia 120. Hiyo karibu kila msanii anaimudu.

Kila lokesheni tulipiga wimbo mzima kwa picha pana, ya kiunoni na ya uso, ndipo tukachukua vipande vya madansa, mikono, viatu. Ukianza na vipande, jua litakuishia kabla hujapata teki nzima hata moja. Kamera ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa, basi kadi zihesabiwe mapema, na faili zinakiliwe kwenye diski mbili kabla kadi haijafutwa.

Ufukweni angalia jedwali la maji kuliko unavyoangalia hali ya hewa. Wakati wa bamvua, bahari Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na ushei. Picha pana ya asubuhi ina mchanga mita kibao, ya uso mchana ina maji nyuma ya sikio. Mtazamaji ataona ni siku mbili tofauti. Sisi tulichagua siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo. Jua la saa sita huangaza kutoka utosini na kuzamisha macho kwenye kivuli, kwa hiyo muda huo tulikaa chini ya kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga. Jua Dar huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na giza haliongei na mtu. Teki ya machweo iwe imefanyiwa mazoezi ikiwa bado saa kumi na moja.

Msanii mweusi ndani ya kanzu nyeupe ni mtihani wa kamera. Ukiiachia ijipimie yenyewe, itaogopa kanzu na kuufanya uso wake kuwa kivuli. Pima uso kwanza, kisha tafuta namna ya kupunguza weupe: kanzu ya rangi ya maziwa, au mwanga wa pembeni unaogusa shavu zaidi ya kifua. Mafuta kidogo kwenye ngozi husaidia kuliko taa nyingine ya ziada. Ndani ya nyumba, umeme wetu ni hezi 50, hivyo shuta (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/50 kwa fremu 25 na 1/100 kwa fremu 50 huzuia taa kumetameta kwenye picha. Zile taa za ukanda za bei chee, zikipunguzwa mwanga, huweza kuchora mistari hata hivyo. Zijaribu kwenye skrini kubwa, simu huficha.

Vibali vya kushuti ni Bodi ya Filamu, droni ni TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), na mashairi uyapime kwa jicho la BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), maana nyimbo zimewahi kufungiwa ngoma ikiwa tayari iko mtaani.

Siku ya kupeleka kazi, msambazaji, anayepeleka wimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni, alipewa WAV ya bit 24, kilele desibeli -1, na kava ya pikseli 3000 kwa 3000. Sauti ina ISRC yake, namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12, video ina yake. Usitumie moja kwa zote mbili. Ombi la kuwekwa kwenye orodha za Spotify lipelekwe angalau siku 7 kabla ya kuachia. Biti yetu ilitengenezwa upya na mgawo wa asilimia ukasainiwa kabla ya kurekodi. Biti ya leseni isiyo ya kipekee huwa mikononi mwa watu wengi, na mmoja wao akiisajili kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, video yako inaweza kudaiwa. Dai jingine hutoka kwa msambazaji wako mwenyewe: mfumo wake unatambua wimbo kwenye chaneli ya msanii na kuchukua mapato. Mpe kiungo cha chaneli aiweke kwenye orodha ya zilizoruhusiwa kabla video haijapanda.