Habasoda kwenye pembe ya kanga

Julai ikifika huku Mtwara, ukitaka kumjua mwenye mikorosho mtazame pua. Salfa inapulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukiwahi maua, korosho huna. Jua likipanda, kusi nayo inaamka na vumbi lile la njano linatufuata mpaka uani. Jana nimeamka paji la uso zito, mashavu yanauma kila nikiinama, tundu moja la pua limeziba kabisa. Sainasi hiyo.

Shangazi hakutaka maelezo. Alikaanga habasoda kwenye kikaango kikavu mpaka zikaanza kurukaruka, akazifikicha zingali na moto, akazifunga kwenye pembe ya kanga kuukuu. “Vuta baba, kwa tundu hilo hilo lililoziba.” Nikavuta. Machozi yakanitoka, kamasi zikashuka.

Ikafuata karafuu, imesagwa kwenye jiwe kwa maji kidogo, nikapakwa kipajini. Mwanzo inachoma, halafu ngozi inakufa ganzi. Ganzi hiyo si imani tu: karafuu ina eujenoli, ambayo madaktari wa meno wanaitumia kutuliza jino. Ila sainasi ni matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, na sioni karafuu ya kupaka inafikaje huko. Chai ya tangawizi na pilipili manga naiamini zaidi. Ukali wake unatiririsha pua, na kinachouma ni ute uliokwama ndani.

Kwenye kujifukiza ndiko tulikobishana. Tangu korona ya 2020 watu wamezoea blanketi na sufuria ya mkaratusi na mchaichai. Mvuke naupenda, lakini maji ya moto chini ya blanketi huku watoto wanakimbizana ukumbini? Hapana. Nikachukua bakuli langu chumbani, nikafunga mlango. Shangazi akaniita mzungu.

Jirani yetu naye anadai ana sainasi. Kichwa kinamgonga upande mmoja, mwanga hautaki, anatapika, na pua yake kavu. Kwangu hicho ni kipandauso. Hata anuse gunia zima la habasoda, hakitapona. Mafua mengi ya sainasi huisha ndani ya siku 10. Yakizidi hapo, au jicho likivimba, au homa ikaja na shingo kukaza, ni hospitali, tena haraka. Jirani nimemsihi akapimwe. Anasema ataenda akishauza korosho, na minada haianzi mpaka Oktoba.