Tela Dogo la Kulala: Kulijenga kwa Mikono na Kulipatia Namba

Tela ninalolizungumzia lina urefu wa mita 4.1 kutoka ncha ya mkono wa kuvutia hadi mlango wa nyuma, na upana wa mita 1.52. Ukilitazama kwa ubavu lina umbo la tone la maji lililolazwa: mbele limejaa na kuviringika, nyuma linashuka taratibu hadi kwenye bampa. Ndani mna godoro la watu wawili na rafu za nguo, basi; jiko liko nje, chini ya mlango wa nyuma unaofunguliwa kwa kuinuliwa juu, ambao ukiwa wazi huwa kivuli cha mpishi. Nililijenga uani kwetu hapa San Diego, California, kwa muda wa miezi kumi na moja. Ndugu zetu wenye ufundi wa mikono, hasa waliotoka Tanzania na Kongo, huniuliza kazi kama hii inaanzia wapi, na mimi huwajibu kwamba inaanzia kwenye risiti.

Matela ya namna hii yalianza kupendwa Marekani katika miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia yalienea zaidi, kwa kuwa aluminiamu na vifaa vya ziada vya jeshi vilipatikana kwa bei ndogo, na magazeti ya ufundi yalikuwa yakichapisha ramani zake ili mtu wa kawaida ajijengee nyumbani. Vipimo vyake vilifuata karatasi ya plaiwudi, ambayo huku huuzwa kwa upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44, na mpaka leo wajenzi wengi hupanga tela lao hivyo ili wasipoteze mbao.

Kabla ya kununua chuma chochote nilikaa wiki mbili na daftari nikipiga hesabu ya uzito. Sheria ya California inalihesabu tela la kulala kuwa la kambi endapo urefu wake wote hauzidi futi 16 na upana hauzidi inchi 96, kwa hiyo upande wa ukubwa sikuwa na wasiwasi. Ugumu ulikuwa kwenye breki. Tela la kambi ambalo uzito wake pamoja na mzigo unafikia ratili 1,500, yaani kilo 680, ni lazima liwe na breki zake lenyewe kwenye magurudumu yasiyopungua mawili. Nilijumlisha fremu ya chuma, plaiwudi, godoro, betri, jiko la gesi, maji na vyakula, nikaona kwamba hata nikipunguza vipi nitavuka mpaka huo. Wapo wanaojitahidi kubaki chini ya kilo 680 kwa kutumia mbao nyembamba. Mimi sikutaka kulaza watu ndani ya kitu kilichojengwa kwa kubania, nikaamua kufunga breki za umeme tangu mwanzo. Uamuzi huo ulibadilisha mambo mengine yote: ekseli ikawa ya kubeba kilo 900, soketi ya umeme ikawa ya pini saba badala ya nne, na kwenye dashibodi ya gari nikafunga kidhibiti cha breki za tela.

Fremu nilichomelewa na fundi mwenye uzoefu, kwa sababu kuchomelea si kazi yangu. Mbao ndiyo kazi yangu. Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Pangani, na jambo la kwanza nililojifunza kwake ni kuchora mkunjo bila rula. Unachukua ubapa mrefu wa mbao laini isiyo na fundo, unaupinda kwa mkono, unauzuia kwa misumari midogo, kisha unarudi nyuma hatua kadhaa na kuutazama kwa jicho moja. Pale ubapa unapolazimishwa, jicho huona kona ambayo kipimo hakioni. Unang'oa msumari mmoja, ubapa unajinyoosha wenyewe, na mkunjo unatulia. Ubavu wa kwanza wa tela niliuchora hivyo kwenye plaiwudi ya milimita 18, nikaukata, nikaupiga msasa, kisha nikautumia kuchorea ubavu wa pili ili pande zote mbili zilingane. Paa lilikuwa na tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 3, kwa sababu tabaka moja nene lisingekubali kupinda kwenye mviringo wa mbele. Nililowesha tabaka la kwanza kwa maji ya moto, nikalifunga kwa mikanda usiku kucha, na asubuhi lilikuwa limeshika umbo.

Adui wa tela la mbao ni maji, na mahali anapopendelea kupenyea ni kwenye bawaba ya mlango wa nyuma. Majahazi hukalafatiwa kwa pamba na mafuta, lakini chombo cha baharini hulowa muda wote na mbao zake hubaki zimevimba na kubana, wakati tela hukauka juani kwa miezi kisha likanyeshewa siku moja. Kwa hiyo nilitumia gundi isiyopitisha maji kwenye kila ukingo uliokatwa, kwa kuwa ukingo wa plaiwudi hunywa maji kama utambi, na chini ya bawaba nikaweka mfereji mdogo wa aluminiamu unaoyatoa maji pembeni kabla hayajafika jikoni. Halafu nilifungulia mpira wa bustani juu ya tela kwa nusu saa, mke wangu akiwa ndani na tochi. Aliona tone moja tu, karibu na tundu la feni. Nililing'oa feni lote na kulifunga upya.

Taa hazikunisumbua. Tela lisilofikia upana wa inchi 80 halidaiwi zile taa tatu za katikati nyuma ambazo malori huwa nazo, bali linadaiwa taa za nyuma, za breki na za kona, taa ya kumulika namba, na taa na viakisi vya ubavuni, vya rangi ya kaharabu mbele na nyekundu nyuma. Waya wa ardhi, ule mweupe, niliufunga kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kwani taa nyingi za matela zinazopepesa huwa zinaugulia hapo.

Sasa nirudi kwenye risiti. Katika jimbo hili, anayejenga tela hujaza fomu ya maombi ya usajili, ambayo ni REG 343, na tamko la ujenzi, REG 5036, anamoeleza amelijenga kwa vitu gani na alivipata wapi. Tela hukaguliwa kwa macho, kisha hupewa namba ya utambulisho, kwa sababu halina kiwanda kilichokwisha kulipatia namba. Risiti huthibitisha kwamba vyuma si vya wizi. Mimi nilikuwa na faili lenye risiti za kila kitu, hata za skrubu, isipokuwa moja: ekseli niliinunua imetumika, kwa mtu binafsi, kwa fedha taslimu, na hatukuandikiana kitu. Siku ya kwanza nilirudishwa nyumbani, tena kwa haki, maana ekseli ndiyo sehemu ambayo mkaguzi huitazama kabla ya nyingine. Ilinichukua wiki tatu kumpata yule muuzaji, ambaye alikuwa amehamia mji mwingine, na kumwomba aniandikie hati ya mauzo yenye jina, tarehe, bei na sahihi. Alinikubalia kwa moyo mwema, nami hadi leo namshukuru. Mara ya pili nilichukua tena kibali cha siku moja cha kulisogeza barabarani, nikapitia mizani ya umma ambako lilionyesha kilo 608 likiwa tupu, kisha nikaenda kwenye ukaguzi. Mkaguzi alilizunguka akilinganisha karatasi na vyuma, akaandika, na namba ikatoka.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda jangwani Anza-Borrego, kwa barabara ya 78 inayopanda hadi mji wa Julian kisha kuteremka upande wa pili. Tangi la maji la lita 75 nilikuwa nimeliweka nyuma, karibu na jiko, kwa kuwa ndiko maji yanakotumika. Tulipofika kilomita 80 kwa saa, kabla hata ya kuanza mlima, tela lilianza kuyumba kushoto na kulia, na kila yumbo lilizidi lililotangulia. Niliondoa mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki ya gari, nikabonyeza kidhibiti ili tela pekee lifunge breki, likanyooka. Tuliyamwaga maji yote pembeni mwa barabara na kuendelea polepole.

Nyumbani nililipakia tena kama lilivyokuwa, nikaweka mizani ya bafuni chini ya mkono wa kuvutia: kilo 45. Uzito wote, kwa mizani ya umma, ulikuwa kilo 735, na mkono unatakiwa ubebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito huo. Mimi nilikuwa na 6. Nililihamisha tangi mbele kwa mita 1.6, chini ya kichwa cha godoro, nikavuta bomba hadi jikoni, na mizani ikasoma kilo 86. Tangu hapo tumepita njia ile ile mara nne, kwa mwendo usiozidi kilomita 88 kwa saa ambao ndio kikomo cha wanaovuta tela huku, na halijatikisika. Julian bado nasimama kila safari, nakaza nati za magurudumu na kuweka kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu kuhisi kama beringi inachemka.